Jiwe la Kusagia Mlangoni Petu

Morogoro, Jumapili, tarehe 9 Machi 1913.
Asubuhi ukungu ulifunika mlima mpaka chini ya Kilakala. Manyunyu hadi saa tatu, kisha jua. Njia kuu ina matope.

Mwanangu Zena,

Unaona nimeanza kama ninavyoanza daftari langu kila siku, tarehe kwanza, hali ya hewa baadaye. Masista walitufundisha hivyo nilipokuwa msichana, na mkono umezoea. Baba yako husema kwamba siku ya kiama nitamwambia malaika kwanza kama kulikuwa na mawingu. Leo naishukuru desturi hiyo, maana bila ya mistari ile miwili nisingejua pa kuanzia.

Umelala chumba cha pili, na nakusikia unavyojigeuza. Mambo ya safari sitayarudia. Mkeka, vyungu, dawa ya tumbo, namna ya kukaa na mama mkwe, yote hayo shangazi zako wamekuambia tangu juzi, na wanayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia kwa miaka.

Mchana, ulipokuwa unafunga sanduku, nilikuuliza mumeo Hamisi amepata wapi kiwanja cha duka huko Tabora.

"Karibu na stesheni, mama. Wakubwa wake wa reli wamemwonyesha."

"Pa nani?"

Ukacheka. "Si pa mtu! Pori tupu. Anasema kuna viazi tu, viazi vya watu waliosahau."

Nilitoka nje nikajidai naangalia kama nguo zimekauka. Ulinifuata ukaniuliza kama naumwa, nikasema ni moshi wa jikoni. Haukuwa moshi. Mtu hasahau viazi vyake, Zena. Mtu huacha shamba lipumzike, na viazi vichache hubaki ardhini vikamngoja. Mimi najua hivyo tangu sijaota meno ya pili, na siku niliyoulizwa mbele ya watu nilifanya kama sijui.

Nitakueleza habari za njia yetu hii kuu, kwa sababu wewe umeizoea ilivyo sasa, imenyooka, na mabati yanang'aa na mabaraza yamepangwa. Unadhani ilizaliwa hivyo.

Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, palikuwa na njia ya msafara tu, iliyopinda kuufuata mto. Maduka yalikuwa vibanda vya miti na udongo, vimeezekwa nyasi, kila kimoja kimeangalia kwake. Kile cha Mzee Jivan kilitazama mto, kwa sababu wapagazi walipanda kutoka huko wakiwa na kiu. Cha baba yako kilitazama mlima, kwa sababu wateja wake wa kwanza walikuwa Waluguru waliokuwa wakishuka na tumbaku na ndizi kutafuta chumvi na kaniki. Mahali alipo Mgiriki wa mikate palikuwa hapana kitu. Alikuja na watu wa kujenga reli, na duka lake lilianza likiwa ghala la vyombo vyao. Nguzo zile za baraza lake unazoziegemea ukingoja mkate ni vipande vya reli vilivyobaki.

Nenda kwenye stoo yetu ya nyuma, ugonge ukuta wa kushoto nyuma ya magunia. Kuta nyingine zitakuumiza vidole. Ule utasikika mzito na laini, maana ni udongo. Ni ukuta wa kibanda cha kwanza cha baba yako. Fundi alipojenga nyumba ya mawe aliuzunguka, akaupaka chokaa, ndiyo maana stoo imekwenda upande na wewe ulikuwa ukiuliza kwa nini fundi alikuwa mlevi. Hakuwa mlevi. Duka la zamani limo ndani ya duka jipya, na bado linautazama mlima.

Sasa, vibanda vile vyote vilikuwa juu ya ardhi ya Bibi Nyange.

Najua ukilisoma jina hilo utakunja uso. Vumilia. Bibi Nyange ni dada mkubwa wa mama yangu. Mama alipokufa nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenilea huko juu ya Kilakala, na yeye ndiye aliyenipeleka kwa masista akisema mtoto mmoja katika ukoo ajue maandishi, ili tusidanganywe. Naandika maneno hayo polepole. Ili tusidanganywe.

Kwetu, kama unavyojua nusu na kama ningepaswa kukufundisha nzima, ardhi hupita kwa mama. Wewe jina lako ni binti wa mtu wa Bagamoyo, lakini ukoo wako ni wa Bibi Nyange. Bonde hili la mto lilikuwa la mama yake. Alilima mahindi hapa, akasaga hapa, kisha wakaliacha lipumzike, wakapanda juu ambako udongo ulikuwa na nguvu. Baba yako alipofika kutoka pwani na mzigo wake wa chumvi, hakujijengea tu. Alipanda mlimani, akavua kofia, akaomba. Bibi akamwonyesha mahali. Na kila baada ya mavuno baba yako alipeleka ngoto: chumvi kidogo na kipande cha nguo. Mzee Jivan naye, na wengine wote waliomfuata. Ngoto si kodi na si bei. Bibi hatajiriki kwa pakiti ya chumvi. Ni namna mgeni anavyosema, mwaka baada ya mwaka, najua niko kwa nani.

Baba yako hunitania kwamba alinioa kwa sababu ya ngoto. Alikuwa akipanda na chumvi yake, ananiona ninasoma mlangoni, anashuka amesahau kuaga. Mwaka uliofuata alileta chumvi mara mbili. Bibi akamwambia, "Mgeni, mbona mavuno ya kwenu huja kila mwezi?"

Na wewe ulikwenda. Unakumbuka? Ulikuwa mdogo, nilikufunga kifurushi cha chumvi kichwani kwa kitambaa, na njia nzima ulilamba vidole. Bibi alikuwa akikungoja penye mgomba wa kwanza. Ulisema, "Shikamoo Bibi, chumvi yako nimeila kidogo." Akacheka mpaka akakaa chini. "Marahaba, mwenye ardhi wangu. Ule yote. Ni yako." Hakuwa anafanya mzaha alipokuita hivyo. Katika ukoo wake wasichana tuliobaki ni mimi na wewe.

Ikaja habari ya reli. Kwanza Kingolwira, tukasikia miti inaangushwa, kisha wapimaji wakafika kwetu na minyororo na vigingi. Njia ya msafara ilikuwa mbaya machoni pao. Walitaka njia moja iliyonyooka kutoka stesheni hadi boma, maduka ya mawe pande mbili, mabati juu, marufuku nyasi. Karani wa pwani aliyefuatana na mpimaji alizunguka akiuliza ardhi ni ya nani. Jumbe akasema ni ya bibi mmoja wa juu. Wakamwita.

Usiku wa kuamkia siku hiyo karani alikunywa kahawa kwetu, akatueleza waziwazi. Kama yule bibi ni mwenye ardhi, basi kila mwenye duka atapatana naye kwanza, na boma litangoja. Kama si mwenyewe, Serikali itagawa viwanja, na waliokwisha jenga watapewa cheti. Baba yako akasema, "Basi tutapatana. Bibi hana neno." Nataka ujue hilo. Baba yako hakunituma. Alilala fofofo.

Mimi sikulala. Nilikuwa nawaza ukuta wa mawe. Nilikuwa na nyumba iliyovuja kila masika, na wewe ulikuwa unakohoa. Hiyo ni sababu moja na ni ya kweli, na kwa miaka mingi nimejipa hiyo peke yake. Lakini ilikuwako nyingine. Nilikuwa naona haya. Nilijua kuandika kwa hati ya masista, wake wa makarani walikuja niwasomee barua zao, na kila mavuno nikapanda mlima na chumvi kichwani kumpelekea kikongwe asiyevaa viatu, nikapiga magoti. Mke wa karani aliniona siku moja akaniuliza, "Unatumikia kwake?" Nikasema hapana, namsaidia tu. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa huo mdogo, na ule mkubwa ulipokuja ulikuta njia imefagiliwa.

Asubuhi Bibi alishuka. Alivaa kaniki mpya aliyopewa na Mzee Jivan, ngoto ya mwaka ule. Kiswahili alikisikia kidogo, kusema hakuweza, na mpimaji alikuwa na haraka. Karani akauliza nani atakuwa mdomo wake. Bibi akanishika mkono.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye niliyemsomesha."

Tukasimama pale lilipo sasa duka la Mgiriki. Mpimaji ameketi kwenye kiti cha turubai, karani pembeni, wenye maduka nyuma yetu. Karani akauliza, watu hawa wanamletea nini kila mwaka, na kwa nini.

Bibi akajibu kwa Kiluguru, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Alisema hawa ni wageni wangu. Mama yangu alisaga hapa. Kila mavuno wananiletea ngoto ili wasisahau, na mimi napokea ili nisiwafukuze. Wakitaka kujenga kwa mawe wajenge, lakini ngoto isikatike.

Karani akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema hawa ni kama wakwe zake. Mmoja ameoa kwake. Wanamletea zawadi kwa heshima ya uzee."

"Ardhi je?"

"Halimi mtu hapa."

Ndivyo nilivyosema. Neno la mwisho halikuwa hata la uongo. Hakulima mtu. Bibi alikuwa ananitazama mdomoni, anatikisa kichwa kukubali kila neno, kwa sababu aliamini ni maneno yake. Na karani alipoona kichwa kile kinatikisika akaandika.

Kisha akawauliza wenye maduka mmoja mmoja. Mzee Jivan alinitazama kwanza. Yeye anakisikia Kiluguru vizuri, ameuza chumvi miaka mingi. Nikatazama chini. Akasema, "Ndiyo, sahib. Zawadi." Na nyuma yake kila mmoja zawadi, zawadi, mpaka mwisho wa mstari. Simlaumu hata mmoja. Wangewezaje kudai si zawadi, wakati binti wa ukoo amesema ni zawadi?

Jioni baba yako alifunga duka mapema. Alikaa muda mrefu akisafisha kioo cha taa ambacho kilikuwa safi. Kisha akasema, "Nilidhani nakijua Kiluguru kidogo. Leo nimeona sikijui."

Nilifungua daftari langu nikaandika tarehe, kisha kwamba palikuwa na jua na upepo wa kutoka Kihonda. Ukilitafuta ukurasa huo utaukuta. Hakuna zaidi.

Tukajenga. Unakumbuka mawe yakitoka mtoni na harufu ya chokaa, na jinsi ulivyocheza kwenye mchanga. Fundi alipofika mlangoni alihitaji jiwe la kizingiti, la bapa na gumu. Akalipata nyuma, katika majani, jiwe kubwa lenye bonde katikati, laini kama shavu.

"Mama, hili la nani?"

Nililijua. Bibi aliwahi kunionyesha nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe. Mama yake alisaga juu yake mpaka likafanya bonde, na walipohamia juu walishindwa kulibeba, wakaliacha lilinde mahali. Nikamwambia fundi, "Halina mwenyewe. Litumie."

Basi ndilo hilo. Ndilo ulilopikia mchanga ukisema ni uji, ndilo wateja wanalojipangusia matope kila masika, ndilo baba yako hulimwagia maji kila asubuhi ili liwe safi. Mzee Jivan pekee hakuwahi kulikanyaga. Umewahi kuuliza kwa nini mzee mzima anaruka mlangoni kwetu kama mtoto, na nikakuambia ana maumivu ya goti.

Mavuno yalipopita bila chumvi, Bibi alimtuma mtu. Akauliza tu kama chumvi imechelewa njiani. Nikamjibu aliyetumwa, "Mwambie Bibi njia sasa ni ya Serikali." Sijui alimwambiaje. Natumaini alisahau.

Kisha likatoka agizo la nyasi. Vibanda vyote visivyo na mabati viliondolewa njia kuu, na wenyewe wakaonyeshwa viwanja huko nje, upande wa Kihonda. Miongoni mwao alikuwamo binti wa kulea wa Bibi aliyekuwa akiuza ndizi pembeni ya mto. Bibi akashuka kwenda bomani kudai kwamba ile ni ardhi yake. Wakamwambia ulisema mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba si yako, na mdomo wako alikuwa mtoto wako.

Kutoka bomani alikuja moja kwa moja dukani. Wewe ulikuwa chuoni kwa mwalimu. Nilikuwa napima mchele. Aliposimama mlangoni nilidhani ni mteja, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona akipanga maneno kabla ya kuingia.

"Shikamoo mama mkubwa."

Hakuitika. Akaniuliza, "Nilisema hivyo? Kwamba ni zawadi?"

Hapo, Zena, mlango ulikuwa wazi kwangu. Ningeweza kusema hapana, hukusema, nilisema mimi. Ningelia, angenipiga, yangekwisha hata kama cheti kisingefutika. Badala yake nilisema, "Ndivyo walivyoelewa wao."

Akainua mguu aingie, na macho yake yakashuka pa kukanyaga. Mguu ukabaki juu, kisha akaurudisha mchangani. Akainama, akapangusa matope kwenye lile bonde kwa ncha ya kaniki yake, polepole, hadi pembeni. Akaniinulia macho.

"Na mimi nijipanguse miguu hapa, mwanangu?"

Nilikuwa na kipimo cha mchele mkononi. Aliondoka kwa kufuata njia ya zamani, ile iliyopinda, akipita nyuma ya maduka ambako hakuna njia tena. Tangu siku hiyo hajashuka.

Nawe ukaanza kuuliza. Lini tunapanda kwa Bibi, mbona Bibi haji. Nilikuambia Bibi ametukasirikia kwa sababu tumepata mabati. Wewe ulikuwa mtoto, ukaamini. Ulilia siku mbili, ukaacha, na baadaye ukaanza kumchukia kidogo kidogo, kwa sababu hiyo ni nafuu kuliko kulia. Kati ya yote niliyofanya, hili ndilo lisiloniacha nikalala. Ardhi niliichukua mara moja. Bibi yako nimekunyang'anya kila siku.

Mwezi uliopita, kwenye harusi yako, mahali pake palikuwa patupu, na wageni kutoka mlimani walikuwa wachache na walikaa karibu na mlango wa nje. Shangazi yako wa Bagamoyo, ambaye hajui lolote, aliuliza yuko wapi mkubwa wa upande wa mama. Ukasema kwa sauti, na hina ikiwa mbichi mikononi, "Mwacheni na choyo chake. Anaonea wivu bati." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina.

Mwanamke mmoja wa mlimani aliweka kikombe chini bila kunywa. Alinitazama kama watu wanavyotazama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Ndiyo hayo. Sasa unajua kwa nini nilikuuliza viazi vya Tabora ni vya nani. Mimi si mtu wa kukufundisha haki, na nisingependa uipate kwangu. Lakini kitu kimoja nimekijua kwa kukifanya. Mtu huwa haamki asubuhi akasema leo nitachukua cha mwenzangu. Husema hapana mwenyewe. Husema vimesahauliwa. Hulisema kwa wepesi, kama ulivyolisema wewe leo ukicheka, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu. Kabla Hamisi hajachimba msingi, zunguka mwenyewe hapo jirani. Patakuwa na mwanamke anapita na kuni. Msalimie, umuulize viazi ni vya nani. Atacheka, akushangae, mke wa mtu wa reli anauliza viazi. Muulize tena.

Sasa nikuambie nilichofanya leo. Jioni wewe na shangazi zako mlipokwenda kumuaga Mzee Jivan nilimwita fundi, akaling'oa jiwe. Baba yako alisimama na taa akitazama.

"Watu watajikwaa kesho."

"Wataruka."

"Unajua ukilipandisha hilo kwa Bibi, mtaa mzima utauliza linakwenda wapi."

"Najua."

"Na utawajibu?"

"Nitawajibu."

Akashusha taa, akaangalia shimo lililobaki, udongo mwekundu na wadudu wanakimbia. "Cheti hakitabadilika, mke wangu. Boma halitafuta maandishi kwa ajili ya jiwe."

Nikamwambia sibebi jiwe bomani. Akaenda stoo, akarudi na chumvi na kipande cha kaniki kilicho bora kuliko vyote dukani, akavifunga pamoja kwa mkono wake. Vidole vyake havikuwa vimesahau namna ya kufunga. "Mwambie," akasema, "mwambie mgeni wake anasalimu." Akaingia kulala, nadhani hataki nimwone.

Nimeziba shimo kwa ubao. Ukitoka asubuhi ukanyage kwa uangalifu.

Treni ya bara haifiki hapa kabla ya alasiri, na kwenda kwa Bibi na kurudi kunamalizika kabla ya adhuhuri. Nitaondoka maduka yakifunguliwa, si kabla. Sitapita vichochoroni. Nitapita katikati ya njia kuu, mbele ya kila baraza, na atakayeuliza nitamwambia ni ngoto, na lile ni jiwe la mama yake, na nilichosema siku ile kilikuwa uongo wangu. Sijui kama Bibi atapokea. Amezeeka sana, nasikia macho yamefifia. Anaweza kutoitika salamu, na itakuwa haki yake. Siendi kuchukua msamaha ili wewe usafiri na moyo mweupe. Nakwenda kurudisha jiwe na kusema maneno yake kama alivyoyasema.

Ukiona ni bora upumzike, upumzike, na hutanisikia nikikulaumu leo wala miaka ijayo. Una safari ndefu na mume anakungoja. Nitabeba chumvi peke yangu, jiwe nitalifuata siku nyingine na mtu wa kukodi, na kabla ya treni nitakuwa stesheni nimekushikia chakula chako. Ukinikasirikia, ukatae kunipa mkono pale, nitasimama hapo hapo mpaka treni itoke.

Lakini kama utakuja, nimelifunga jiwe kwa kamba ya katani, na mti wa kulibebea nimeuegemeza ukutani karibu na mlango wako. Limekuwa zito kuliko nilivyodhani. Nimejaribu mara mbili. Ni mzigo wa watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wewe utatangulia, ili yeye akuone wewe kwanza.

Mvua imeanza tena, kidogo. Nimeacha mlango bila komeo. Saa ya dukani imegonga saba za usiku, nazima taa, nalala.

Mama yako